Dobi na Wimbo Usiofungwa Jukwaani

Siku ya kwanza alikuja kwangu na ndoo yake mwenyewe, na ndoo hiyo ndiyo iliyonifanya nimsikilize. Wanaokuja kuomba ukumbi huja na maneno matamu na mikono mitupu.

Mimi kazi yangu ni kukodisha. Nina viti vya plastiki, nina maturubai, nina spika za harusini na za msibani, ambazo ni zile zile, kinachobadilika ni nyimbo tu. Nina pia ukumbi ambao zamani ulikuwa ghala la saruji. Watu wananiita Mama Viti. Nilianza na viti vya kuazima kwa shemeji yangu, tena kwa masimango, kwa hiyo siguswi upesi na shida za mtu.

Yeye alikuwa dobi wa hospitali. Mama wa makamo, mabega mapana, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni, na macho ya mtu aliyetoka zamu ya alfajiri na bado hajapata pa kukaa. Alisimama mlangoni, akaiweka ndoo chini.

"Hodi, Mama Viti."

"Karibu. Harusi au kikao?"

"Mazoezi. Tuna mchezo."

"Mchezo wa nini?"

"Wa kuimba. Watu wanaimba, wanatembea, wanafanya kazi kwa mikono. Maneno ya kuongea hayamo."

"Na nani atakuja kuangalia mchezo usio na maneno?"

"Hilo bado sijalijua," akasema, bila kuona haya. "Kwanza natafuta pa kuufanyia. Mkononi sina kitu, nisikudanganye. Ila vitambaa vyako vya meza nimeviona, vina mchuzi wa harusi za watu walioshaachana. Na sakafu yako inatoa vumbi la saruji mpaka leo. Nitafua, tutapiga deki. Wewe tupe zile alasiri ambazo ukumbi umelala tu."

Nilipenda alivyopanga hesabu yake. Nikakaza kamba. "Vitambaa, na magauni ya viti, na mapazia."

"Magauni ya viti, sawa. Mapazia hapana."

"Kwa nini?"

Akayatazama. "Mapazia yako hayafuliki, Mama Viti. Yanasubiri kuzikwa."

Nilicheka, na kwenye biashara ukishacheka umeshapungukiwa. Tukashikana mikono. Mkono wake ulikuwa na baridi, kama kitu kilichotolewa kwenye maji muda huo huo.

Kundi lake lilianza kuja. Sijapata kuona watu waliochoka kama wale. Alikuwamo mlinzi wa benki, mwenye sauti nene inayotoka chini kabisa, ambaye alikuwa anakuja moja kwa moja kutoka lindo akiwa na buti zake. Alikuwamo fundi cherehani, mdomo wake haukai kimya. Wengine walikuwa wauguzi, wapishi wa shule, na wabeba mizigo. Walikuwa wanaingia, wanapiga deki kama tulivyokubaliana, halafu wanakaa sakafuni na kuegemea ukuta, ungedhani ni abiria waliokosa gari.

"Leo msalani ndiko tunakoimbia?" fundi alikuwa anauliza. "Maana hii deki imenoga."

"Wewe imba, acha maneno," Dobi alikuwa anamjibu. "Maneno yako yatakuja kukumalizia pumzi."

Nikaanza kukaa pembeni nikitengeneza viti vyangu vilivyovunjika miguu, nikaona wanachofanya. Dobi alikuwa anatoa mashuka ya hospitali, yale yaliyochanika na kutolewa kazini, anayalowesha kwenye ndoo. Watu wawili wanashika shuka, huyu ncha hii, yule ncha ile, wanalikamua kwa kulisokota. Anayejua kazi hiyo anajua kwamba wawili wasipovuta pumzi pamoja, shuka linamtoka mmoja mkononi. Basi alikuwa anawafundisha kuimba namna hiyo. Shuka likikazwa, sauti inapanda. Likilegezwa, mmoja anavuta pumzi na mwenzake anaupokea wimbo pale pale, hauanguki. Mlinzi nimemwona kwa macho yangu akilala huku amesimama, kichwa kimeinama kifuani, na ile sauti yake nene bado inatoka.

"Usimwamshe," Dobi alimwambia fundi. "Akiamka ataanza kuimba vizuri, ataharibu."

Ule wimbo haukuwa wa kutungwa. Zamani, mtu akifa, akina mama walikuwa wanauimba kando yake tangu anapooshwa mpaka anapotolewa nje. Haukuwa wa dini fulani. Wenye dini walisali sala zao, kisha wakawaachia wale mama nafasi. Sharti lake lilikuwa moja: ukishafunguliwa haukatwi. Mmoja akichoka mwingine anapokea, hadi wakati wa kufunga. Na aliyeufungua ndiye anayebeba dhamana ya kuufunga. Mama yake Dobi alikuwa mmoja wa wale mama. Kisha tukaja sisi wenye spika, watu wakaona ni rahisi zaidi kubonyeza kitufe, na akina mama hawakuitwa tena. Sioni cha kujitetea hapo. Mteja anachagua.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikera. Kila siku walikuwa wanaacha mahali pale pale, kama gari linalozimika kilima kile kile.

"Mbona hamumalizi?" nikamuuliza Dobi siku moja alipokuwa anakunja mashuka.

"Hatumalizi kwa sababu hatuanzi. Mazoezini hatuufungui, Mama Viti. Tunaingia katikati, kama mtu anayepitia dirishani. Ukiingia dirishani huna mlango wa kufunga."

"Na siku ya watu?"

"Siku ya watu nitaufungua kweli. Nisipoufungua itakuwa mazoezi, na mtu hatoki kwake kuja kuangalia mazoezi."

"Na kuufunga?"

Akakaa juu ya ndoo. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona amekaa. "Maneno ya kufungia ninayo robo tu. Mama alimwachia dada yangu. Dada hajanipa, na anaumwa. Akiondoka nayo, utabaki wimbo usio na mwisho, na hakuna atakayethubutu kuufungua kwenye msiba wa mtu. Umekufa huo. Nataka watu wengi wauone, waubebe, ili dada aone wabebaji wapo, anipe."

Sasa, wakati huo huo mimi nilikuwa na mambo yangu. Kuna bwana mmoja anayepeleka vikundi kwenye kumbi kubwa za mijini, sisi tunamwita Bwana Tamasha. Nilimpigia simu nikampamba Dobi na watu wake mpaka mwenyewe nikaamini. Akiwachukua wao, vyombo na usafiri ni vyangu. Akakubali kuja, akaniwekea neno moja: "Mama, wateja wangu wanataka kitu chenye mwisho. Wapige makofi, waende kula. Sawa?" Nikamwambia sawa. Kwa hiyo yale maneno ya kufungia yakawa shida yangu na mimi.

Nikamwambia Dobi tuondoke tukamwone dada yake. "Utanisaidia nini?" akaniuliza. Nikamwambia kuongea na watu wagumu ndiyo kazi inayonilisha.

Dada yake tulimkuta kitandani kando ya dirisha, miguu imevimba, sinia la mchele mapajani, anachambua mawe kwa vidole bila kutazama. Alikuwa na mabega yale yale, ila nyama ilikuwa imeondoka.

"Shikamoo, dada," Dobi akasema.

"Marahaba. Umekonda. Na huyu?"

"Mama Viti, mwenye ukumbi."

"Aa. Mwenye spika." Akatupa jiwe dirishani. "Spika yako ilimlilia jirani yangu hapa wiki nzima. Marehemu mwenyewe nadhani alikwenda kupumzika."

Nikacheka kidogo, nikaingia kwenye mazungumzo. Nikamweleza habari ya mchezo, habari ya Bwana Tamasha, habari ya jina lake kutajwa mbele ya watu. Akaendelea kuchambua mchele. Nikamwambia nitamletea kiti kizuri, chenye mito, akae mbele kabisa. Akatupa jiwe jingine dirishani. Nikamuuliza yeye anataka nini. Hapo akanitazama.

"Siku nitakayozikwa, spika yako isikanyage hapa. Hata wanangu wakikuomba. Hata wakikuongezea."

"Hilo tu?"

"Kwako si dogo. Una sura ya mtu asiyependa kuacha kitu mezani."

Nikapima. Msiba mmoja kwa safari nzima za Bwana Tamasha. Hata mtoto angekubali. "Nimekubali," nikasema.

"Basi nitakuja."

Dobi alikuwa ameinama, anamsogezea dada yake miguu juu ya mto. Tulipofika nje ndipo akasema, "Hakusema atafunga. Kasema atakuja."

"Jamani, anakuja kufanya nini kama hatafunga?"

"Wewe humjui yule," akasema, na akapiga miayo mirefu hadi machozi yakamtoka. Alikuwa na zamu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, mchana. Nilipanga viti duara, na kwa kuwa Bwana Tamasha alikuwa anakuja nikawakataza yale mashuka ya hospitali. Nikawapa kitambaa changu cha meza kuu, cheupe, chenye darizi, ambacho sikitoi kwa kila harusi. "Kikichafuka," nikamwambia Dobi, "nakukamua wewe." Akanijibu kwamba alishakamuliwa siku nyingi hospitalini.

Watu walijaa kuliko nilivyotegemea. Majirani, jamaa za waimbaji, wenye kupenda vya bure. Bwana Tamasha alikaa karibu na feni. Dada aliletwa na mwanawe mkubwa, akakalia kile kiti chenye mito, fimbo mapajani.

Dobi akasimama katikati na akaufungua.

Sijui niueleze vipi, na mimi si mtu wa kuzimia kwa nyimbo. Ilikuwa sauti ndogo tu, kavu, ya mtu anayemwita mwingine kutoka chumba cha pili. Lakini wale watu wake wakabadilika. Mlinzi alifumbua macho. Fundi akaacha kutabasamu. Wakakishika kitambaa pande zote, wakakitandaza hewani, na chini yake hapakuwa na kitu, ila walivyokibeba ungesema kuna mzigo. Wimbo ukawa unatoka kwa huyu unaingia kwa yule, unazunguka duara, hauachi hata upenyo wa kukohoa. Bibi mmoja katika watazamaji akaupokea bila kuambiwa, na mwingine nyuma yake. Walikuwa wanaujua. Bwana Tamasha akanionyesha dole gumba, nami nikaanza kupanga moyoni magari ya kubebea vyombo.

Wakafika pale mahali ambapo huacha. Wote wakamgeukia dada. Wakamletea kitambaa mpaka mbele ya magoti yake, wakikishikilia, wakiendelea kuimba taratibu.

Dada akakitazama kitambaa. Akainua ncha yake kwa fimbo, akachungulia chini.

"Hapa hapana mtu," akasema.

Akanyanyuka, akamshika mwanawe mkono, akatoka nje. Tulisikia mlango wa gari.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa letu, na lilikuwa la sisi sote. Mazoezi yote yale walikuwa wanaingilia dirishani na kutokea dirishani. Hakuna aliyewahi kujiuliza, ukiingia kweli kwa mlango na mwenye ufunguo akaondoka, unatokaje? Wakaendelea kuimba. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndiyo mwisho wenyewe. Wakaimba. Makofi yakafa. Watu wakapiga tena, safari hii kwa kuwasaidia. Wakaimba. Fundi macho yalikuwa yamemtoka, anamtazama Dobi kama mtu anayeuliza njia.

Bwana Tamasha akaniinamia. "Mama, umekwisha au haujaisha?"

"Ngoja kidogo."

Akangoja kidogo. Akatazama saa. Watu wakaanza kusogeza viti, wengine wakitoka kwa kunyata kama wanatoka kwenye ibada ya watu wengine. "Ukipata chenye mwisho," Bwana Tamasha akasema, "utanipigia," na akaenda zake.

Nikamwendea Dobi kwa hasira. Alikuwa amempokeza muuguzi mmoja wimbo, anavuta pumzi. "Nyamazeni basi! Riziki ndiyo hiyo inatoka mlangoni!"

"Siwezi," akasema. Sauti ilikuwa imebaki nusu. "Niliufungua mimi. Shika hapa ninywe maji."

Akanitia pembe ya kitambaa mkononi. Akanywa maji kwenye ile ndoo, kwa kiganja, akajifuta. Kisha akawaambia wenzake kwa kichwa tu, wakatoka nje na kitambaa kimetandazwa, wanaimba, wakashika njia ya kwa dada yake.

Nami nikaenda nao. Msinifikirie vibaya, sikwenda kwa ajili ya wimbo. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, barabara ilikuwa tope tupu, na kile kilikuwa kitambaa changu cha meza kuu. Nisingekiacha.

Ni mwendo mrefu kwa watu waliochoka. Tulipita kwenye maduka, vinyozi wakatoka na mikasi mkononi. Muuza mkaa akauliza nani amefariki, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu. Mpishi mmoja wa shule aliishiwa kabisa, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, na muuza mkaa, kwa sababu anazozijua Mungu mwenyewe, akashika nafasi yake. Mlinzi alikuwa amevua buti, anatembea peku, anaimba. Mimi siimbi. Nilishika pembe yangu tu, nikiiinua isiguse tope, na mabega yakaniwaka moto, nikaelewa kwa nini yule mwanamke na dada yake wana mabega yale.

Dada tulimkuta kibarazani amekalia kigoda, miguu imo kwenye beseni la maji. Alitutazama tulivyokuwa tunakuja, mmoja mmoja. Jua lilikuwa linakaribia kuzama na sote tulikuwa na sura za kutupwa.

"Mmechoka?" akauliza.

Walikuwa wanaimba.

"Sogezeni."

Wakakisogeza kitambaa. Hakukiinua tena kwa fimbo. Alikivuta akakilaza juu ya magoti yake, akakinyoosha kwa viganja kama mtu anayejifunika baridi.

"Kule ukumbini hapakuwa na mtu," akamwambia Dobi. "Mlikuwa mmevibebea viti. Huu sasa mmenibebea mimi. Mimi nimeshakaribia vya kutosha, natosha. Haya, njoo."

Dobi akapiga magoti kwenye tope, akatega sikio. Dada alimnong'oneza kipande, Dobi akakitoa kwa sauti. Akamnong'oneza kingine. Yalikuwa maneno ya kawaida sana, ya kumwambia mtu mlango uko wapi na kwamba vyombo vimeshaoshwa, asiwe na wasiwasi. Wengine wakashusha sauti kidogo kidogo, hadi akabaki mlinzi peke yake, kisha na yeye akanyamaza.

Fundi ndiye wa kwanza kuongea. "Jamani," akasema, "kuna mtu ana kiti?" Wote wakanitazama mimi, Mama Viti, na siku hiyo nilikuwa sina hata kimoja.

Dobi alikuwa ameshalala. Kichwa kwenye goti la dada yake, mdomo wazi, juu ya darizi yangu.

"Akiamka," dada akaniambia mimi, "mwambie maneno haya asiyaseme juu ya jukwaa. Aufunge wimbo palipo na mtu wa kubebwa. Na ahadi yako sijaisahau."

Dada hakumaliza msimu wa mvua. Wanawe walikuja kwangu, wakataka maturubai, viti na spika. Nikawapa maturubai na viti.

"Na spika, mama?"

"Zimeharibika."

"Zote?"

"Zote."

"Lakini tunazisikia zinalia ukumbini sasa hivi."

"Hizo ndizo zilizoharibika," nikasema. Waliondoka wakininung'unikia, na kwenye biashara kama yangu manung'uniko yanasafiri. Dobi na watu wake waliimba tangu dada alipooshwa. Yeye mwenyewe akaufunga, bila kunong'onezwa na mtu, na zamu yake ilianza alfajiri iliyofuata.

Baada ya hapo mambo yakaenda njia nisiyoitaka. Wenye misiba wakaanza kumfuata Dobi badala yangu. Spika zangu siku hizi zinafanya harusi tu. Viti bado wanachukua, kwa kuwa waombolezaji lazima wakae, ila si hesabu ile ya zamani. Bwana Tamasha nilimpigia, akaniuliza kama kina mwisho, nikamwambia hakina, akakata simu. Mchezo wenyewe wanaufanya mara moja moja pale ukumbini. Wanaingia dirishani, wanaacha pale pale wanapoacha, wanakunja kitambaa, wanakwenda. Watazamaji wanalalamika kwamba hauna mwisho. Ni kweli hauna. Mwisho anao Dobi, na hautoi mpaka uwe umekufa.

Na yeye kapata nini? Kapata alichokitafuta, basi sasa ana kazi mbili badala ya moja. Anatoka kwenye mabeseni ya hospitali anakwenda kwenye msiba wa watu asiowajua, anatoka msibani anarudi kwenye mabeseni. Kila nikimwona amechoka kuliko nilivyomwona mara ya mwisho, na sijui mtu anaongezaje uchovu juu ya ule aliokuwa nao.

Juzi juzi akaja tena, akaweka ndoo yake mlangoni.

"Mama Viti, naomba alasiri mbili zaidi. Wameongezeka wanaotaka kujifunza. Yule muuza mkaa kaja na wake zake wote wawili."

"Mapazia," nikasema.

Akayatazama kwa muda mrefu. Nilijua anafikiria uzito wake yakiwa yamelowa. Akapiga miayo, akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono.

"Haya," akasema. "Yashushe."

Yalirudi meupe ajabu, na vipande vipande.

"Nilikuambia," akasema Dobi, akaingia kupiga deki.